Watu wa Sanduku

Katika karakana zote za mbao zilizopangana pale Matisi, pembezoni mwa Kitale, ni yangu tu yenye diploma ukutani. Wenzangu wametundika kalenda za maduka ya mbolea. Diploma yangu ina muhuri na kioo, na fremu yake niliiranda mwenyewe kwa mvule uliotoka Bokoli, nilikozaliwa. Niliisomea nikichoma matofali asubuhi na kuingia darasani mchana, vumbi la tanuri likiwa bado nyweleni. Hakuna mjomba wala mheshimiwa aliyenishika mkono. Baadaye nilikwenda Doha, nikafunga milango na dari kwa miaka tisa, nikarudi Kitale na mashine tatu za umeme na akili ambayo sikuondoka nayo. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue anaongea na nani.

Nilipofungua karakana, majirani hawakuniita kwa jina langu. Waliniita Mwarabu. "Hiyo kitanda ipeleke kwa Mwarabu, atainyoosha," walikuwa wakisema, na mteja alifika akitafuta mtu mwenye kanzu. Kanzu sijawahi kuivaa, na Kiarabu changu ni cha kuomba misumari na maji. Lakini sikuwakataza. Nilikuwa nimejifunza ugenini kwamba jina la kuitwa na watu halijali sana wewe ni nani. Linajali umeonekana ukitokea wapi.

Kule Doha hakuna fundi aliyekuwa na jina. Msimamizi wetu, mtu wa Misri mwenye sauti ya kupasua zege, alituita kwa nchi zetu. "Hindi, leta ngazi! Nibali, shika hapo! Kini, wapi patasi?" Kini ndiye mimi, mtu wa Kenya. Yeye mwenyewe wenzake walimwita Masri. Siku moja tukila chakula cha mchana nilimuuliza kwa nini maneno yote yanaishia kwa sauti ileile. Akachora kwa kidole kwenye unga wa jasi: nchi kwanza, halafu kijisauti kidogo nyuma yake cha kuonyesha kwamba mtu huyu ni wa huko. Kesho yake nilikuwa juu ya kiunzi ghorofa ya kumi na nne nikaacha kupigilia msumari, kwa sababu nilikuwa nimegundua kitu peke yangu. Kwao nchi hutangulia na mtu hufuata kama mkia. Kwetu mtu ndiye hukaa mbele: Mhindi, Mmisri, Mkenya. Nilijiona profesa.

Tangu siku hiyo nikaweka daftari. Mpishi wetu alikuwa mzee wa Lamu, na akiwa anachambua mchele alinipa maneno moja baada ya jingine. Mswahili ni mtu wa pwani, kwa sababu Waarabu waliziita pwani hizo sawahil. Mreno alipata jina lake kutokana na neno la Wareno wenyewe la ufalme. Walifika wakimtaja mfalme wao kila saa, wakaitwa hivyo. Mdachi ni Mjerumani aliyejitaja kwa lugha yake, na watu wakalishika walivyoweza. Mshihiri ametoka bandari ya Shihiri. Mzungu ni yule aliyeonekana akizunguka bila kutulia. Daftari lilijaa. Wenzangu walirudi nyumbani na televisheni. Mimi nilirudi pia na daftari.

Sasa nifike kwa mwanamke.

Alikuja karakanani mwaka wa pili baada ya kurudi kwangu. Ana duka la dawa za mifugo na mbegu mjini Kitale, na alitaka kabati la ukuta mzima. Alipima mwenyewe kabla yangu, akaniandikia vipimo kwenye kiganja, na vilikuwa sawa hadi milimita. Nikajua hapo. Kabati la siku nne nilikaa nalo wiki tatu, na kila siku ya tatu nilipita dukani kuhakikisha ukuta haujabadilika.

"Ukuta haukui, Mwarabu," aliniambia siku moja. "Sema yenye imekuleta."

Nikasema. Akacheka, akafunga duka nusu saa mapema, na tangu siku ile tukawa tunajuana. Yeye alikuwa na miaka thelathini na nne, mimi arubaini na moja. Watu wake ni Wakikuyu waliokaa Trans-Nzoia tangu babu yake alipokuwa kibarua wa shamba la mzungu. Baba yake ni mwalimu mstaafu, ana ekari chache za mahindi na ng'ombe watatu nje ya mji, na sauti ya polepole inayokufanya uangalie kama kucha zako ni safi.

"Babangu hana shida na mtu maskini wala tajiri," alinionya. "Ana shida na mtu anaongea sana."

Onyo hilo sikulitilia maanani. Nilijua kuongea ndiyo nguvu yangu.

Tulikwenda Jumapili alasiri, mimi na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu, ambaye ni mkulima wa miwa huko Bokoli na husema sentensi tatu kwa siku. Mwalimu alitukaribisha sebuleni. Chai ikaja, viazi vitamu vikaja. Akaniuliza kazi, nikamjibu kwa urefu. Akaniuliza ugenini nilijifunza nini, na hapo nikafungua daftari la kichwani. Nikampa Mreno. Nikampa Mdachi na Mshihiri. Mama mwenye nyumba alisimama mlangoni na birika, akasahau kumimina. Nikaona mambo yanakwenda vizuri, nikaweka mezani kubwa kuliko zote.

"Na hata Kenya yenyewe, Mwalimu, ni jina la mlima wa kwenu. Wakamba walilitamka vyao, mzungu akaliandika vyake. Kwa hivyo miaka tisa Doha, kila asubuhi, mimi mtu wa Bokoli niliitwa kwa mlima wenu. Mimi tayari ni wenu kidogo."

Mwalimu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alizungusha kikombe juu ya meza, akakitua.

"Vizuri sana. Wareno umetuletea, Wajerumani umetuletea. Sasa niambie, kijana: sisi hapa, huko kwenu Bokoli, mnatuita nani?"

Baba mdogo aliacha kutafuna.

Mimi nilijua neno. Kila mtoto wa ujirani wetu alilijua. Si neno letu Wabukusu wote. Ni la vilima vichache tu, na familia zilizotoka kwetu kwenda kufanya kazi Kitale zilihama nalo. Basanduku. Watu wa sanduku. Tulipokuwa watoto, lori lenye Wakikuyu wa kutoka kati ya nchi likipita barabarani tuliliandama tukiimba, "Basanduku, fungeni sanduku, gari inakuja!" Niliimba kuliko wote, maana hata utotoni nilipenda kuwa wa kwanza.

"Tunawaita Wakikuyu tu, Mwalimu," nikasema. "Na sisi sote ni Wakenya."

"Wakenya." Alilirudia kama anayesahihisha daftari la mwanafunzi. "Hilo ni neno la pasipoti. Nimekuuliza la nyumbani."

Nikajaza mdomo kiazi kitamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza siku ile.

"Basi nitakusaidia," akasema. "Basanduku. Nimefundisha watoto wenu hapa miaka thelathini, unafikiri sijui? Mwaka ule wa fujo za uchaguzi vijana walisimama hapo kwa lango yangu wakiimba tufunge sanduku. Wawili kati yao, mimi ndiye niliwafundisha kuandika. Hawakuchoma kitu, nashukuru Mungu. Waliimba wakaenda. Lakini nililala na hiyo wimbo, na mpaka leo bado inaniamsha."

Kisha akanigeukia na kusema bila hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

"Unajua Mreno ametoka wapi, mtu hujawahi kumuona. Jirani yako humjui. Nenda nyumbani uniletee hilo neno limetoka wapi. Ukilipata, rudi na wazee wako tuongee. Usipolipata, hata usisumbue huyu mzee na safari."

Baba mdogo akainuka, akashika kofia. Njiani alisema sentensi yake ya pili ya siku hiyo: "Mdomo ulikwenda mbele, kichwa kikabaki Doha."

Jioni yake mwanamke alinipigia simu. Nilidhani ataniambia tutafute njia nyingine. Alisema, "Babangu hajakukataa, amekupatia kazi. Na mimi usinitarajie nitoroke na mtu. Nitatoka kwetu kwa mlango, watu wakiona."

Kwa hiyo nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu: neno moja, ama nimkose.

Nilianza Bungoma mjini, kwa watu wenye shati za kuchomekea. Afisa mmoja mstaafu aliniambia Basanduku ni kwa sababu walishuka kwenye treni na masanduku. Mfanyabiashara wa sokoni akasema ni kwa sababu walificha pesa kwenye masanduku. Mwendesha boda aliyenipeleka stendi alisema, "Bana, si ni vile wako tayari kuhama tu? Sanduku iko mlangoni." Kila mmoja alikuwa na uhakika, na kila mmoja alikuwa amebuni. Nalijua hilo kwa sababu wakati mwingine nami hufanya hivyo.

Ndipo nikaenda Bokoli kwa kukhu, yaani nyanya yangu, mama yake baba. Macho yake yamefifia lakini vidole vyake bado huona. Nilimkuta barazani akichambua maharagwe, mabovu upande huu, mazima upande ule, bila kukosea. Nilikaa kwenye kigoda. Nikamuuliza.

Vidole vikasimama.

"Nani amekutuma?"

"Mzee mmoja wa Kitale, kukhu. Nataka binti yake."

"Mtu wao?"

"Mtu wao."

Akacheka kwa pua. Halafu akanisimulia jambo ambalo baba yangu hakuwahi kunisimulia, na nadhani yeye mwenyewe hakulijua lote.

Alipokuwa msichana aliyeolewa karibuni, yeye na babu walikuwa vibarua wa kuchuma maua ya pareto katika shamba la mzungu upande wa Endebess. Nyumba za vibarua zilijipanga mstari mmoja, na kwenye mlango uliopakana na wao walikaa seremala Mkikuyu na mkewe. Wanawake hawa wawili hawakuwa na lugha moja. Walipeana moto wa jikoni, wakapeana chumvi, na Kiswahili walikuwa wakikiokota pamoja, neno moja leo, jingine kesho. Kukhu alizaa mtoto wa kwanza, msichana. Kabla hajaanza kutambaa, homa ikamchukua.

"Babu yako alitaka tumzike hapa, kwa udongo wetu," kukhu akasema. "Kumzika shambani mwa mtu ni kumtupa. Lakini ni mbali. Kulikuwa na lori ya mahindi inakuja upande wa Webuye. Dereva akakataa. Alisema hawezi kubeba maiti kwa mikono ya mama, labda iwe ndani ya kitu."

Hawakuwa na kitu. Yule seremala alisikia maneno ya dereva akiwa mlangoni pake. Aliingia ndani. Alikuwa na sanduku moja la mbao, alilolitengeneza mwenyewe alipoondoka kwao, na ndani yake zilikaa nguo zote za nyumba ile. Alitoka nalo likiwa tupu. Mkewe alikuwa amelitandika ndani kwa leso yake.

"Hakusema kitu," kukhu akasema. "Aliliweka chini, akafungua kifuniko."

Wakafika Bokoli. Watu walikuja kulia, wakaliona sanduku, kazi safi ambayo hakuna aliyewahi kuiona kijijini, wakauliza ni la nani. Babu akasema, ni la wale watu. Watu gani? Wale watu wa sanduku. Mtoto akazikwa ndani yake. Na kwa miaka kadhaa, kukhu aliniambia, mtu akisema Basanduku hapa kwetu alikuwa akitaja watu waliotusitiri.

"Kwa nini hamkuwapelekea lingine kwa shukrani?"

"Tulirudi shambani baada ya matanga. Nikamkuta jirani yangu anafunga nguo kwa shuka. Ilikuwa ile miaka ya hali ya hatari, serikali ya mzungu ilikuwa inawakusanya watu wao wengi, inawapakia magari, inawarudisha kwao. Wengine walibeba masanduku. Yeye alibeba fundo kichwani." Kukhu akaokota haragwe moja, akalishika tu. "Sikumuona tena. Halafu nyinyi watoto mkaja mkakuta neno, mkaimba bila kuuliza. Nilikuwa nakusikia wewe ukiimba. Sauti yako ilikuwa juu ya wote."

"Na hukunikataza?"

"Ningeanza wapi? Ningeanza na mtoto wangu."

Nilimsaidia kuchambua maharagwe hadi yakaisha, na nusu yake aliyachambua upya.

Nilipoinuka alisema jambo moja zaidi. Babu alimwambia zamani kwamba hata sisi tulipewa jina na majirani wengine, Kitoshi, na halikuwa la heshima. Likaandikwa hata kwenye vitabu vya serikali. Wazee wetu walikataa, wakahangaika mpaka likafutwa na tukaandikwa tunavyojiita. "Sisi tulijua uchungu wa kuitwa," akasema. "Ndiyo maana lile la sanduku babu yako aliliweka zuri. Kama limeharibika, fundi si ni wewe?"

Nilirudi Matisi, nikatoa mvule uliokauka miaka miwili, ubao niliokuwa nimeuhifadhi kwa kazi ya mtu mkubwa. Nilifunga karakana kwa wateja siku sita. Watu walisema Mwarabu ameharibika kichwa. Nimetengeneza milango ya hoteli zinazogusa mawingu, lakini sijawahi kuranda kama nilivyoranda wiki ile. Sikutumia mashine. Kukhu alinieleza kwa vidole urefu, upana, mahali kamba za kubebea zilipopita. Pembe nilizifunga kwa meno ya mbao yaliyoumana, bila msumari hata mmoja. Kifuniko kikishuka, hewa ya ndani hutoka polepole kwa sauti kama mtu anayeshusha pumzi. Mtaniwia radhi, lakini Kitale nzima hakuna mwingine awezaye kazi hiyo.

Tulikwenda tena Jumamosi: mimi, baba mdogo, na kukhu kwenye kiti cha mbele cha gari la kukodi, gauni lake la kanisani likiwa limepigwa pasi mpaka linang'aa. Mwalimu alitazama sanduku likishushwa, akakaza uso. Nilielewa. Mtu aliyeimbiwa afunge sanduku, na huyu hapa mkwe mtarajiwa analeta sanduku uani.

"Hii ni mzaha?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanigusa kiwiko, nikaufunga. Hicho ndicho kitendo cha busara kuliko vyote nilivyofanya katika posa yangu.

Kukhu ndiye aliyeongea. Aliongea Kiswahili chake alichokiokota kwenye mstari wa vibarua, kile chenye chumvi na moto na maneno machache, akasimulia yote akiwa amesimama, mkono juu ya kifuniko. Hakuacha hata sehemu ya mimi kuimba. Alipofika kwenye fundo la shuka, mama mwenye nyumba alikaa chini kwenye ngazi.

"Sijui kama walikuwa watu wako," kukhu akamalizia. "Kuuliza siwezi, jina lao sikulijua vizuri. Nilimwita jirani. Lakini nilichukua sanduku kwenu. Narudisha kwenu."

Mwalimu alipiga magoti kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Alipitisha kidole kwenye pembe, akatafuta msumari, asiupate. Alifungua, akafunga, akasikiliza ile pumzi.

"Nani amefanya hii kazi?"

"Mimi," nikasema. Neno moja tu. Nilijivunia kwamba ni moja.

Kwao kuna desturi: wageni wakileta chao, kabla hakijaguswa, binti huitwa mbele ya watu na kuulizwa kama kipokelewe. Mwalimu akaita. Mwanamke akatoka na kitambaa kichwani, mikono ikinukia sabuni.

"Hawa watu wa Bokoli wameleta sanduku," baba yake akamwambia. "Nimekaa miaka mingi nikidhani ni sisi tunaambiwa tulifunge na tuende. Huyu mama anasema ni sisi tulilitoa. Mimi nimemuamini. Wewe sema. Tulipokee?"

Alilitazama sanduku, akamtazama kukhu, na mimi akanitazama mwisho, kwa makusudi.

"Pokeeni."

Mama akapiga vigelegele, majirani wakaitikia kutoka upande wa pili wa ua. Baba mdogo akavua kofia. Nikaanza kutafuta la kusema, maana nilihisi zamu yangu imefika, lakini yule mwanamke alikuwa hajamaliza.

"Lakini huyu fundi mwenye diploma," akamwambia kukhu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "kabati yangu ya dawa, mlango wa tatu haufungi. Miezi minane, kukhu. Nimeushikilia na karatasi."

"Haufungi?" kukhu akasema. "Mpeleke saa hii."

Wote wakacheka, na Mwalimu zaidi ya wote. Nilitoa patasi garini, nikaenda mjini nikiwa na suti, nikaunyoosha mlango ule. Unafunga mpaka leo. Na sanduku liko chumbani kwetu, kwa maana Mwalimu alimpa binti yake siku ya kuondoka, likiwa na nguo zake ndani na leso mpya iliyotandikwa chini, na likatoka kwao kwa mlango, watu wakiona.